Mfano wa Eropleni ya Majini: Jinsi Unavyojengwa na Kupakwa Rangi

Wasomaji wetu, wengi wenu mmeona eropleni zikipita juu ya mashamba yenu, na wengine mmekwisha kuzipanda. Lakini watu waliopata kuziona kwa macho yao zile eropleni za majini zilizotua zamani katika bandari zetu wamebaki wachache, nao ni wazee sana. Kuanzia mwezi wa Juni 1937 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilipeleka eropleni za namna hiyo kutoka Southampton mpaka Durban. Ziliufuata mto Nili, zikatua katika Ziwa la Viktoria, kisha zikashuka pwani. Zilisimama Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikashika njia ya kusini kupitia Msumbiji. Hazikuhitaji kiwanja cha kutulia, kwa maana bandari ndiyo iliyokuwa kiwanja chake.

Eropleni hizo ziliundwa na kiwanda cha Short Brothers, mjini Rochester, kando ya mto Medway. Zote pamoja zilikuwa 42. Baadhi zilivunjika katika ajali, nyingine zilipotea vitani, na zile zilizosalia baada ya vita zilivunjwa zikauzwa vyuma. Leo hakuna hata moja iliyobaki nzima duniani.

Basi mtoto wa shule wa Lindi akiuliza, “Ile eropleni iliyotua hapa kwetu ilikuwaje?” tutamwonyesha nini? Picha zipo, lakini picha huonyesha upande mmoja tu. Michoro ya mafundi ipo, lakini si kila mtu ajuaye kuisoma. Kinachobaki ni mfano, yaani eropleni ndogo iliyojengwa kwa kipimo cha kweli, ambayo mtu aweza kuizunguka na kuitazama juu, chini, mbele na nyuma. Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jinsi mfano huo unavyojengwa na kupakwa rangi, na kwa nini fundi wake yampasa kuwa mkweli kama shahidi aliyesimama mbele ya kadhi.

Maana ya kipimo

Kitu cha kuchezea chaweza kuwa na mabawa mafupi na kichwa kikubwa, na mtoto akafurahi. Mfano hauna ruhusa hiyo. Kila sehemu yake lazima ipunguzwe kwa kiasi kile kile. Kipimo kinachopendwa sana na mafundi wa eropleni ni cha 1 kwa 72, na kilienea Uingereza katika miaka ya 1930. Maana yake ni kwamba inchi 72 za eropleni ya kweli huwa inchi 1 katika mfano. Inchi 72 ni futi 6, kimo cha mtu mrefu. Kwa hiyo katika mfano huo rubani mrefu aliyesimama wima hazidi inchi moja.

Na tuhesabu pamoja. Mabawa ya eropleni yetu, kutoka ncha hata ncha, yalikuwa futi 114. Zidisha kwa 12 upate inchi, nazo ni 1,368. Gawanya kwa 72, nawe utapata inchi 19 kamili. Urefu wake kutoka pua mpaka mkia ulikuwa futi 88, yaani inchi 1,056; ukigawanya kwa 72 utapata inchi 14 na theluthi mbili. Mfano wetu basi waweza kukaa juu ya meza ya mwalimu, ingawa eropleni yenyewe isingeweza kuingia katika nyumba yo yote ya kijijini.

Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini yatufundisha jambo zito. Kosa dogo katika mfano ni kosa kubwa katika kitu chenyewe. Fundi akikosea kwa milimita 1 tu, amekosea milimita 72 za eropleni ya kweli, karibu na upana wa vidole vinne. Seremala wa mlango hasumbuki kwa milimita moja, maana mlango utafunga. Fundi wa mfano hana budi kusumbuka.

Kazi iliyopewa watoto wa shule

Pengine mtu atasema, “Haya yote ni mchezo wa watu wenye nafasi.” Twamjibu kwa habari ya mwaka 1942. Marekani ilikuwa imekwisha kuingia katika Vita Kuu ya Pili, na askari wake walihitaji kujua kwa kutupa jicho mara moja kama eropleni inayokuja ni ya rafiki au ya adui. Asiyejua aliweza kumpiga ndugu yake, au kumwachia adui apite. Idara ya Jeshi la Majini la nchi hiyo iliziomba shule zitengeneze mifano 500,000 ya eropleni za mataifa mbalimbali, kwa kipimo hicho hicho cha 1 kwa 72. Wanafunzi walichonga miti, wakapima kwa vigezo, na mifano ikapakwa rangi nyeusi tupu.

Kwa nini nyeusi? Kwa sababu eropleni iliyo juu angani, jua likiwa nyuma yake, huonekana kama kivuli. Askari alipaswa kuitambua kwa umbo lake: bawa limekaa juu au chini, mkia ni mmoja au miwili, pua ni fupi au ndefu. Rangi haikuwa na kazi hapo. Kutokana na habari hiyo twajifunza kanuni ya kwanza ya ufundi huu: umbo hutangulia, rangi hufuata. Mfano wenye umbo la uongo hauokolewi na rangi nzuri, kama vile nyumba iliyopinda haiwezi kunyoshwa kwa chokaa.

Kuchagua siku

Kabla ya kushika kisu, fundi hujiuliza swali hili: “Nataka kuonyesha eropleni ipi, na katika siku gani ya maisha yake?” Wasioijua kazi hii hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa hudhani eropleni 42 za namna moja zilifanana kama mayai. Sivyo. Kila moja ilikuwa na jina lake lililoandikwa puani, na herufi zake za kuandikishwa. Ya kwanza iliitwa Canopus, yenye herufi G-ADHL, nayo iliruka mara ya kwanza mwezi wa Julai 1936. Nyingine iliitwa Corsair, G-ADVB, na habari zake zatuhusu sisi watu wa Afrika.

Mwezi wa Machi 1939 Corsair iliondoka Port Bell katika Uganda ikielekea Juba, ikapotea njia. Mafuta yalipokaribia kwisha, rubani aliishusha katika mto Dungu, karibu na Faradje, katika nchi ya Kongo. Watu walisalimika, lakini mwamba uliokuwa chini ya maji ulitoboa tumbo la eropleni. Mafundi waliletwa kutoka mbali, wakaitengeneza. Ilipojaribu kuruka iligonga mwamba tena. Hapo ilionekana kwamba mto ule ni mwembamba na maji yake ni haba. Likajengwa boma la kuzuia maji kwa mikono ya watu wa nchi ile, maji yakajaa, na mwezi wa Januari 1940 Corsair ikaruka ikaenda zake, baada ya miezi kumi ya kazi. Mtu atakayejenga mfano wa Corsair atakuwa ameshika mkononi kumbukumbu ya jasho la watu wale pia.

Siku iliyochaguliwa ndiyo itakayoamuru rangi. Mwaka 1937, wakati wa amani, eropleni hizi ziling'aa kwa rangi ya fedha, na herufi zake zilikuwa za rangi iliyokolea. Vita vilipoanza, eropleni za raia za Uingereza zilitiwa chini ya herufi zake mistari ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu, ili zitambulike, na baadhi zilipakwa rangi za kujificha. Kwa hiyo mwenye kujenga Canopus ya mwaka 1937 na kuitia mistari hiyo amechanganya nyakati mbili, na mtoto atakayeutazama mfano wake ataondoka na habari ya uongo.

Kuchonga mwili

Siku hizi viwanda huuza visanduku vyenye vipande vya plastiki, navyo huunganishwa kwa gundi. Lakini kwa eropleni isiyopatikana kwa urahisi katika visanduku, na kwa mtu aliye mbali na maduka hayo, njia ya zamani ya mti ingali njema. Chagua mti mwepesi, mkavu kabisa, usio na nyuzi nene wala vifundo. Mti mbichi utapasuka baada ya mwezi mmoja, na kazi yako yote itakuwa bure.

Mwili haukatwi katika gogo moja. Chukua mbao mbili zenye unene sawa, uzipake gundi, na katikati yake weka karatasi. Zikikauka, huwa kama mti mmoja, na mstari wa karatasi huonyesha katikati halisi ya eropleni tangu mwanzo hata mwisho wa kazi. Kisha chora umbo la ubavuni, ukate kwa msumeno mwembamba; chora umbo la kutazama kutoka juu, ukate tena. Sasa una kitu kama sanduku lenye sura ya eropleni. Ukimaliza kulichonga, utaingiza kisu katika ile karatasi, na nusu mbili zitaachana bila kuumia, upate kuzikomba ndani na kutoboa madirisha.

Katika kuchonga, jicho peke yake halitoshi. Fundi wa jahazi aliyekua katika kazi hiyo aweza kuunda chombo bila mchoro, kwa kuwa chombo chake ni kipya na hakuna atakayemwuliza, “Mbona hakifanani na kile?” Lakini sisi twafuata kitu kilichokwisha kuwako. Kwa hiyo kata vigezo vya karatasi ngumu kwa kufuata mchoro: kimoja cha pua, kimoja cha mahali pa rubani, kimoja cha kati, kimoja cha karibu na mkia, na kadhalika. Sogeza kigezo kwenye ubavu wa mti, ukitazame kuelekea dirisha. Mahali kigezo kinapogusa pana unene uliozidi; mahali mwanga unapopenya pamekwisha kufika au pamepita. Punguza panapogusa, kidogo kidogo, mpaka mwanga usionekane popote.

Mwili wa eropleni hii ulikuwa mwembamba wenye kina kirefu, na ndani yake mlikuwa na ghorofa mbili. Abiria, ambao hawakuzidi 24, walikaa chini. Juu palikuwa mahali pa marubani na mizigo ya barua. Tumbo lake lilikuwa na ncha kama tumbo la mashua, tena lilikuwa na kidato, yaani mahali ambapo tumbo hukatika na kupanda juu ghafula. Kidato hicho kilikuwa na kazi kubwa. Maji hushika kitu laini kinachoteleza juu yake na kukivuta chini. Kidato huwaachanisha, hewa ikaingia, ndipo eropleni ikapata kuondoka majini. Kwa hiyo usikilainishe kwa msasa ukidhani ni kosa la kisu. Ukikiondoa, umejenga eropleni isiyoweza kuruka.

Madirisha nayo yataka uangalifu. Upande wa kushoto palikuwa na chumba ambamo abiria walisimama wakitazama nchi iliyo chini yao. Usikate madirisha ya upande mmoja kwa kunakili ya upande wa pili. Itazame picha ya kila upande peke yake.

Mabawa na injini

Bawa ni nene karibu na mwili, tena huwa jembamba kadiri linavyokwenda nchani. Mbele ni la mviringo, nyuma ni kali. Hapo ndipo mafundi wengi wanaposhindwa. Wakiogopa kulivunja, huliacha ukingo wa nyuma na unene wa milimita moja. Nasi tumekwisha kuona kwamba milimita moja ni vidole vinne! Endelea kulipunguza kwa msasa uliobandikwa juu ya kibao, si kwa msasa ulioshikwa kwa vidole, maana vidole huchimba mashimo.

Ukiisha kuunganisha mabawa na mwili, chukua uzi usionyumbuka. Pima kutoka ncha ya bawa la kushoto mpaka ncha ya mkia, kisha pima upande wa kulia. Vipimo vikiwa sawa, mabawa yamekaa sawa. Visipolingana, sogeza kabla gundi haijakauka. Halafu weka eropleni mezani, upime kutoka ncha ya kila bawa mpaka meza, uhakikishe kwamba haikuinama upande mmoja kama ngalawa iliyojaa maji.

Injini zilikuwa nne, za namna iitwayo Pegasus, kazi ya kiwanda cha Bristol. Kila moja ilikuwa na silinda 9 zilizopangwa kwa duara kama mishale ya gurudumu. Upana wa injini ulikuwa zaidi kidogo ya inchi 55. Kwa hiyo katika mfano haupiti sana robo tatu ya inchi. Duara zima lina digrii 360. Gawanya kwa 9, utapata digrii 40 kati ya silinda na silinda. Chora duara hilo katika karatasi, utoboe matundu tisa, ndipo utakapoweza kupanga silinda zako bila kukisia.

Silinda zenyewe zilikuwa na mapezi mengi membamba ya chuma ya kupozea moto. Yatatengenezwaje katika kitu kisichozidi punje ya mtama? Chukua kijiti chembamba, ukizungushie waya mwembamba wa shaba, mzunguko kando ya mzunguko, kisha kata vipande. Mizunguko ya waya itaonekana kama mapezi. Wahitaji vipande 36 kwa injini zote nne. Ni kazi ya kuchosha, na kishawishi huja hapo cha kusema, “Za ndani hazitaonekana sana.” Lakini anayetazama kwa mbele ataziona, naye akikuta silinda saba atahesabu saba, na ataamini kwamba zilikuwa saba.

Mahali pa kuacha

Je, yatupasa kutengeneza kila kitu, hata kichwa cha kila msumari? Hapa hesabu hutujibu tena. Kichwa cha msumari chenye upana wa robo ya inchi huwa sehemu 1 katika sehemu 288 za inchi, na hicho jicho halikioni. Fundi akipiga vidoto vya kuonekana waziwazi juu ya mwili wote, ametia misumari mikubwa kama sahani. Nia yake ilikuwa njema, lakini amesema uongo kwa kuzidisha. Kadhalika waya za angani. Uzi wa kushonea wenye unene wa theluthi moja ya milimita ungekuwa waya wa milimita 24, kama kamba ya kufungia chombo bandarini. Unywele mmoja wa mtu, wenye unene kama sehemu 1 katika 12 za milimita, huwa waya wa milimita 6, nao wafaa. Ndiyo sababu mafundi huomba nywele kwa wake zao na binti zao, na hawaoni haya.

Basi mfano wenye mambo madogo mengi haumaanishi mfano uliojazwa vitu. Ni ule ambao kila kilichomo kina kiasi chake.

Kupaka rangi

Kabla ya rangi, ziba nyufa zote kwa puti, uache ikauke, kisha sugua kwa msasa laini. Wahenga walisema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta,” na katika kazi hii neno hilo ni kweli tupu, maana rangi ya fedha haifichi kitu. Rangi nyeupe au kahawia husamehe mkwaruzo mdogo. Rangi ya fedha huutangaza. Kwa hiyo paka kwanza rangi ya msingi ya kijivu. Ikikauka, ushike mfano karibu na dirisha, mwanga uupige kwa ubavu. Kila mkwaruzo utatoa kivuli chake. Sugua, paka tena, tazama tena, mpaka pasiwe na kivuli.

Kumbuka pia unene wa rangi yenyewe. Rangi yenye unene wa sehemu 1 katika 10 za milimita ni sawa na udongo wa milimita 7 uliokandikwa juu ya eropleni ya kweli. Itajaza mistari, itaficha kingo, na madirisha yatakuwa kama macho yenye usingizi. Kwa hiyo paka tabaka nyembamba sana, na kila moja uiache ikauke. Haba na haba hujaza kibaba. Wenye kipulizo cha rangi hukitumia, maana hutoa rangi kama ukungu. Asiye nacho atumie burashi laini na rangi iliyozimuliwa vizuri, akipeleka mkono upande mmoja tu.

Mafundi wana siri moja ya rangi ya fedha, nayo si siri tena. Chini yake hupaka kwanza rangi nyeusi inayong'aa kama kioo, wakaiacha siku nzima au zaidi. Juu yake hupitisha rangi ya fedha nyembamba, na fedha ile huonekana kama chuma cha kweli, wala si kama bati lililochovywa. Punje za rangi ya fedha ziwe laini kabisa. Zikiwa kubwa, kila punje itaonekana kama kokoto.

Wala rangi haikuwa sawa kila mahali. Mwili ulikuwa wa chuma chepesi, lakini usukani wa mkia na visukani vya mabawa vilifunikwa kitambaa kilichopakwa rangi, kwa hiyo havikung'aa kama chuma. Tia chembe ya kijivu katika fedha ya sehemu hizo. Na herufi zisiwe na weusi wa makaa. Mtu anayetazama mfano wetu kwa umbali wa futi 1 ni kama anayetazama eropleni ya kweli kwa umbali wa futi 72, na hewa iliyo katikati hufifisha rangi kidogo. Weusi uliochanganywa na kijivu kidogo huonekana wa kweli zaidi.

Herufi huandikwa kwa kuziba kando kwa utepe wa gundi, au hutumiwa karatasi maalumu ambayo, ikilowa maji, huachilia herufi ziteleze mahali pake. Kabla ya kuziteleza, paka vanishi inayong'aa. Uso ukiwa na chembechembe, hewa itanaswa chini ya herufi na kutoa weupe kama ukoko.

Mwisho ni alama za kazi. Moshi wa injini huacha njia nyuma yake juu ya bawa. Maji huacha mstari ubavuni. Lakini eropleni za abiria zilioshwa na kutunzwa. Fundi akizipaka masizi kama jiko la mkaa, amewasingizia uvivu watu waliozihudumia. Tia alama pale tu picha inapoonyesha.

Na tahadhari mbili tusizisahau. Mafuta ya kuzimulia rangi hushika moto upesi, na harufu yake hudhuru. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na taa ya moto na jiko. Kisu nacho kipelekwe kuelekea mbali na mkono unaoshika kitu. Kabla ya kupaka, nyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie.

Cheti cha fundi

Kazi ikiisha, fundi mwaminifu huandika cheti kidogo na kukiweka karibu na mfano: jina la eropleni, mwaka unaoonyeshwa, kipimo, na picha au michoro aliyoifuata. Chini yake huandika pia mambo aliyoyakisia kwa kukosa habari. Wengine huona aibu kuandika hayo. Sisi twaona kwamba mstari huo wa mwisho ndio unaoupa mfano heshima yake, maana atakayekuja baada yetu atajua lipi aliamini na lipi alitafute zaidi. Kama eropleni yenyewe ingaliko, kosa letu lingesahihishwa kwa kwenda kuitazama. Kwa kuwa haiko, kosa letu litarithiwa.

Wanafunzi wanaotaka kujifunza kazi hii wasianze na eropleni ya injini nne. Waanze na kitu wanachoweza kukipima wenyewe. Ngalawa yenye urefu wa futi 18, kwa kipimo cha 1 kwa 36, huwa mfano wa inchi 6. Nendeni pwani na uzi na rula, mwombeni mwenyewe ruhusa, mpime urefu, upana, kina, na mahali mlingoti unaposimama. Andikeni vipimo vyote katika daftari kabla ya kuchonga. Mkimaliza, mpelekeeni mwenye ngalawa mfano wenu autazame. Akiona kasoro, atawaambieni papo hapo, nanyi mtairekebisha wakati chombo chenyewe kingali kinaelea.